Diski Iliyotoka Bungoma

Kompyuta ilimtolea ulimi tena. Kile kisahani cheusi kilichomoka polepole kutoka tumboni mwa mashine kikiwa kimeibeba diski, kikasimama mbele yake bila haya, kana kwamba kinamwambia: chukua mzigo wako. Nakhungu hakuuchukua. Aliitazama diski iking'aa chini ya taa, na juu yake lile neno moja lililoandikwa kwa kalamu nene, kwa mwandiko wa ndugu yake mdogo uliozoea kulala upande: BABA.

Aliusukuma ulimi ukarudi ndani. Mashine ikanguruma, ikazungusha, ikatulia. Kwenye skrini kikajitokeza kijipicha cha diski, dalili njema, ile ile iliyokuwa imemdanganya tangu asubuhi. Akakifungua. Ndani mlikuwa na folda kadhaa zenye majina yasiyoeleweka, nyingi tupu. Katika moja mlikuwa na faili mbili kubwa, zilizoonekana kushiba. Akaibofya ya kwanza. Dirisha jeusi likafunguka, likakaa kimya, kisha kisanduku kidogo kikamwarifu kwa adabu kwamba faili hiyo haisomeki. Akajaribu kuinakili ili aifungulie ndani ya kompyuta yenyewe. Ikaanza, ikasita, ikakata tamaa. Ya pili ikafanya vivyo hivyo.

Babake, Mzee Khaemba, alikuwa amefariki mwanzoni mwa mwaka huo wa 2008, siku zile nchi ilipokuwa ikiwaka moto baada ya uchaguzi. Nakhungu alikuwa Kitale, katika chumba chake cha kupanga, na kati yake na nyumbani kwao Naitiri kulikuwa na magogo, mawe, na vijana waliouliza watu majina kabla ya kuwapisha. Alimpigia ndugu yake Derrick simu akamwomba wamngoje. Derrick akamjibu kwamba chumba cha maiti kule Bungoma hakikuwa na umeme wa kutegemewa na baba hangeweza kungoja. Maneno yakarushwa kutoka pande zote mbili, mengine ya aina ambayo mtu akishayatema hayaokoteki. Baba akazikwa bila binti yake wa kwanza.

Hilo peke yake angelimeza. Lililomkwama kooni ni habari aliyoletewa baadaye na binamu yake Agneta. Kwao, mzazi akizikwa, watoto wake huitwa mbele ya jeneza mmoja mmoja, kwa mpangilio wa kuzaliwa, kila mmoja aseme neno lake la kuaga. Ni hapo ndipo umma huijua nyumba ile ina nani na nani. Agneta, ambaye mwenyewe hakuwepo ila alisimuliwa na waliokuwepo, alisema kwamba mtoto wa kwanza kusema alikuwa Derrick. Derrick, wa pili. Nakhungu aliisikia habari hiyo akahisi kama mtu aliyetoka nje kidogo, akarudi kukuta kiti chake kimekaliwa, na sahani yake imeoshwa.

Sasa ilikuwa Agosti. Jumamosi ya wiki hiyo watu wa nyumbani wangekusanyika kulijengea kaburi kwa saruji na kufanya maombi, na Mama alitaka watoto wake wote wawepo. Derrick, aliyekuwa karani katika ghala moja mjini Bungoma, alimtumia dada yake diski hiyo kwa mkono wa dereva wa lori la mahindi, pamoja na ujumbe mfupi: mazishi yalipigwa picha, nimezichoma mwenyewe kwenye diski kwa kompyuta ya rafiki yangu, itazame kwanza halafu uamue kama utakuja. Nakhungu alikuwa ameshaamua namna ya kuamua. Akiona jina lake limerukwa, Naitiri isingemwona tena, si Jumamosi hiyo wala Jumamosi nyingine yoyote.

Lakini ni vigumu kuhukumu kwa diski isiyofunguka.

Saiba aliyofanyia kazi, duka la kompyuta na mtandao, ilikuwa juu ya duka la mbegu, na harufu ya dawa za mifugo ilipanda ngazi pamoja na wateja. Mwenye saiba alikuwa Gachanja, mzee mpole wa Saboti aliyewahi kulima vitunguu kabla ya kuingia katika biashara ya mtandao. Mwaka uliotangulia, uvumi ulipoenea mjini kwamba wakaguzi wangepita kuwanasa wenye programu za wizi, wenye saiba wengine walifunga milango. Nakhungu yeye alimwambia Gachanja ampe wikendi moja. Jumatatu wateja walikuta kompyuta zote zinaendeshwa na Linux, halali na bila malipo, na binti mwenye diploma ameketi nyuma ya kaunta akiwa na uso wa mtu aliyejenga ukuta kwa mikono yake. Aliujua mfumo ule kama ajuavyo jikoni kwake. Wakimletea kipanya kilichogoma, anakigombeza kinafanya kazi. Wakimletea diski ya video iliyochomwa nyumbani, ya harusi au ya ubatizo, na diski ikakataa kucheza, huirudisha kwa wenyewe kwa utulivu wa daktari: diski yenu ni mbovu. Hakuna aliyembishia. Aliwahi kumwambia hivyo mama mmoja wa Kipsongo na mumewe, na mama yule alikuwa amejipamba kwa kitenge kipya ili aje kujitazama akicheza ngoma kwenye harusi ya mwanawe.

Mchana wa Jumatatu ya wiki hii ya diski, kwa kuwa hakuwa na televisheni, aliinamisha kichwa akavuka barabara hadi kwa Kinyua, muuza filamu. Alimwomba Kinyua azime spika za nje na kugeuza televisheni iangalie ukuta, maana hakutaka wapita njia wasimame kumtazama babake akiwa ndani ya jeneza. Kinyua alifanya yote hayo bila swali. Kisha deki yake ya kuchezea diski, ambayo ilikuwa imekula umri, ikaizungusha diski, ikaizungusha, ikaandika kwamba haioni kitu.

"Hii ni tupu, bana," Kinyua akasema, akaifuta kwa upindo wa shati na kujaribu tena. "Deki yangu inasoma hata diski imekanyagwa na ng'ombe. Ama bro wako amekuchezea?"

Hakujua, wala Nakhungu wakati huo hakujua, kwamba deki nyingi za rika lile huchagua chakula: zinameza diski za kiwandani na kuzitema zilizochomwa majumbani. Binti mwenye diploma alitoka katika duka lile akiwa na neno moja kichwani, nalo likakua kila hatua. Tupu. Zile faili mbili ni maganda tu; amenitumia diski tupu yenye jina la Baba juu yake.

Jioni Derrick akapiga simu.

"Sasa, dada. Umeangalia?"

"Ungetaka kuniambia sina nafasi kwenye hiyo nyumba, ungeniambia tu kwa mdomo. Si lazima utume diski tupu."

"Tupu aje? Mimi niliiangalia hadi mwisho ndio nikatuma."

"Huku haichezi."

"Si ni hizo kompyuta zenu za Linux. Peleka kwa mtu ako na Windows, itacheza."

"Kompyuta zangu hazina shida, Derrick. Shida ni watu."

Upande wa pili ukasikika mlio wa lori likirudi nyuma, kisha sauti ya ndugu yake imeshuka. Alimwambia kwamba Mama alikuwa ameshaanza kufagia chumba chake. Akamwambia pia kwamba hangebishana naye kwa simu. Kila alilotaka kumweleza limo ndani ya ile diski, na yeye si mtu wa maneno, dada anajua. Nakhungu alikata simu kabla hajaulizwa kama atakuja.

Jumatano mvua ilipiga mabati hadi wateja wakakimbia wote. Gachanja alipanda na chupa ya chai akamkuta Nakhungu ameikodolea macho skrini, diski imo mdomoni mwa mashine kama kawaida. Alimmiminia kikombe, akavuta kiti. Yeye mwenyewe mwezi wa Januari alilala katika hema kwenye uwanja wa maonyesho, pamoja na mke, wajukuu na majirani wa miaka mingi, na alichokuwa ameacha Saboti kiliteketea chote. Hakupenda kukizungumzia. Watu walimwona akifungua saiba kila asubuhi, akisalimia, akifuta kaunta, wakadhani amesahau.

Nakhungu alimsimulia habari nzima ya diski, tangu simu ya Januari hadi deki ya Kinyua, na alipofika mwisho akasema kwamba ameamua kuirudisha kwa yule yule dereva wa lori.

Gachanja alipuliza chai yake. "Mimi picha zote za mama yangu zilienda na nyumba," akasema. "Hata ile ya kitambulisho. Sasa nikitaka kumkumbuka nafunga macho, na kila siku uso unapotea kidogo. Kama ningekuwa na diski ya kunikataa hivyo, ningelala nayo."

"Si tatizo langu, mzee. Diski ni mbovu."

"Hivyo ndivyo uliambia yule mama wa Kipsongo." Aliongea taratibu, bila kumtazama. "Wewe mashine hii ikikataa kuchapisha barua ya mtu unakaa nayo mpaka ikubali. Nimekuona. Lakini hii ya babako umejaribu mara chache ukasema ni mbovu. Mimi sijui kompyuta, Nakhungu. Nauliza tu. Diski ndiyo haitaki, ama ni wewe?"

Aliondoka na chupa yake. Nakhungu alibaki na kikombe kikipoa mikononi. Alikuwa tayari kukasirika, lakini hasira ilipoitwa haikuja. Badala yake kilikuja kitu kilichofanana na aibu, na chini ya aibu, hofu ambayo hakuwa ameipa jina. Kwa maana diski tupu ilikuwa na faida yake. Diski tupu ilimwacha na haki yake mikononi. Diski yenye picha ingeweza kumwonyesha chochote.

Kesho yake alifika kazini kabla ya duka la mbegu kufunguliwa. Aliwasha kompyuta moja tu, ya pembeni, akaingia mtandaoni na kuanza kuuliza, yeye aliyezoea kuulizwa. Aliandika tatizo lake kwa Kiingereza, neno kwa neno kama kisanduku kile cha adabu kilivyoliandika. Majibu yakamwagika, mengi ya kupotosha. Wapo walioshauri diski ioshwe kwa dawa ya meno. Wapo waliosema inunuliwe nyingine, kana kwamba mazishi ya mzazi huuzwa dukani. Hatimaye, katika baraza moja la watumiaji wa Linux, alikuta mwanamume wa nchi ya mbali aliyetaka kutazama mchezo wa kuigiza wa binti yake wa shule ya chekechea, naye alikuwa amekwama pale pale alipokwama yeye. Chini yake mtu mwingine alikuwa amemjibu kwa ukali wa mwalimu wa zamani.

Diski ya aina hiyo, alisema yule mkali, haijajengwa kama kabati la faili. Imegawanywa sehemu. Sehemu ya kwanza ni orodha tu. Faili unazoziona humo ni vivuli, na ndiyo maana ukizifungua au ukitaka kuzinakili mashine inalalamika. Mifumo mingine hukufanyia ujanja wa kukuonyesha kivuli kama kitu chenyewe. Linux haifanyi hivyo. Picha zenyewe ziko katika sehemu ya pili na kuendelea. Usifungue faili. Acha folda. Iamuru programu ya kuchezea video iende moja kwa moja kwenye sehemu ya pili. Kisha akaacha mstari mmoja wa amri.

Nakhungu aliusoma mstari ule akacheka peke yake, kicheko kikavu. Mwaka mzima alikuwa akisimama mlangoni pa nyumba za watu, akisoma orodha ya waliomo, halafu akitangaza kwamba hakuna mtu ndani. Aliifuta diski kwa kitambaa safi, kuanzia katikati kwenda ukingoni. Akafungua dirisha jeusi la amri. Akaandika, herufi moja baada ya nyingine:

mplayer vcd://2

Kidole kilikaa juu ya kitufe kwa muda. Kisha akabonyeza.

Jogoo ndiye aliyeanza. Aliwika kabla ya picha kutokea, halafu boma lao likafunguka kwenye skrini likitikisika, maana mpiga picha alikuwa akitembea: ghala la mahindi, ng'ombe wa Baba wamefungwa, migomba, na watu. Watu wachache mno. Mazishi ya mzee kama Khaemba yangejaza boma hadi barabarani, lakini hapa palikuwa na majirani waliokaa kwenye viti vya kuazima, na hakukuwa na hema. Wanaume walisimama pembeni wakigeuka kila mara kuitazama njia. Mama alikaa karibu na jeneza akiwa amejifunga leso kichwani, mdogo kuliko alivyokuwa wakati wowote. Nakhungu alinyoosha mkono akaigusa skrini, akauondoa.

Mchungaji alisimama na kipaza sauti. Spika, iliyounganishwa na betri ya gari, ilipiga mluzi kabla ya kutii. Alisema kwamba kwa ajili ya hali ya usalama ibada ingekuwa fupi, na sasa watoto wa marehemu waje kuaga, kama ilivyo desturi, kwa mpangilio. Akatazama karatasi.

"Dinah Nakhungu Khaemba."

Jina lake zima. Lilitoka kwenye spika ya huko na kwenye kompyuta ya huku, likagonga kuta za saiba tupu. Hakuna aliyesimama. Mchungaji akatazama huku na huku, akafungua kinywa kuita la pili, na hapo ndipo Derrick alipoinuka.

Nakhungu aliushika ukingo wa meza. Huyu hapa, akawaza. Huyu hapa anakuja kuketi kwenye kiti changu.

Lakini Derrick hakwenda kwenye jeneza. Alikichukua kipaza sauti kutoka mkononi mwa mchungaji, akatoa simu mfukoni, akabonyeza, na kuiweka simu kwenye kipaza sauti, vitu viwili hivyo amevibana pamoja kwa mikono yote miwili kama mtu aliyekamata ndege asiruke. Boma zima likasikiliza. Kisha sauti ya mwanamke yule mtulivu wa kampuni ya simu, mwanamke ambaye hajawahi kufiwa na mtu, ikajaza migomba na ghala na vichwa vya watu:

"Samahani. Mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa."

Derrick alibonyeza tena. Samahani, mteja wa nambari uliyopiga. Akabonyeza tena. Mtoto mmoja alicheka akanyamazishwa. Mwanamume mmoja miongoni mwa wale waliokuwa wakitazama njia alikuja mbele akasema kitu kilichosikika nusu, jua linaenda, hawa vijana wa barabarani hawaaminiki. Mchungaji akamgusa Derrick begani. Derrick akatikisa kichwa.

"Ngojeni," alisema, na kipaza sauti kikaikamata sauti yake na kuikuza zaidi ya alivyotaka. "Yeye ndiye wa kwanza. Ngojeni kidogo tu."

Wakangoja. Hakuna aliyeondoka. Watu wenye hofu, walioacha nyumba zao bila mlinzi, walikaa kwenye viti vya kuazima wakamsikiliza yule mwanamke akiomba samahani, mara baada ya mara, mpaka Mama alipoinua mkono wake taratibu na kuushusha. Ndipo Derrick akairudisha simu mfukoni. Alisimama mbele ya jeneza, suruali imemzidi, akaweka kipaza sauti karibu mno na mdomo.

"Mimi naitwa Derrick. Mimi ni wa pili," akasema. "Nasema kwanza kwa sababu network imekataa. Dada angekuwa hapa, ndiye angesema."

Nakhungu aliisimamisha picha. Nje duka la mbegu lilikuwa linafunguliwa, na chuma cha mlango kilikwaruza sakafu. Ndugu yake alibaki pale kwenye skrini na mdomo wazi, kati ya neno na neno.

Network haikukataa. Siku ile, Kitale, mtandao ulikuwa mzuri kuliko siku zote. Asubuhi ya mazishi alikuwa ameizima simu yake kwa mkono wake mwenyewe, akaifunga ndani ya sweta na kuisukuma chini ya kitanda, kwa sababu hakutaka mtu ampigie kumwambia kwamba sasa wanateremsha jeneza. Na kwa sababu, alilazimika kulikubali hili lililobaki, alitaka Derrick apige asimpate. Alitaka amtafute. Alikuwa amelala kitandani akimwazia akimtafuta, na katika mawazo hayo palikuwa na utamu kidogo. Hakuwahi kuwazia spika. Hakuwahi kuwazia Mama akiinua mkono.

Alipoweza tena kuona vizuri alikumbuka kwamba faili zilikuwa mbili. Akaandika amri ile ile, akabadilisha tarakimu ya mwisho ikawa tatu.

Hii ilipigwa baada ya mazishi, asubuhi ya kunyoa. Senge Phelista, dada mkubwa wa Baba, alikuwa ameketi uani na beseni la maji na nyembe, na watu wa nyumba walikuwa wakimjia mmoja mmoja, kama ilivyo kwao, nywele zilizokuwepo wakati wa kifo zianguke na nyingine ziote. Alimnyoa Mama kwa upole wa kutisha. Aliwanyoa watoto wadogo waliokuwa wakicheka wakishikana vipara. Kisha akapigapiga kigoda, akamwita Derrick.

Derrick alikuwa amesimama nyuma, karibu na mlango wa jikoni. Alisema kwamba yeye bado.

"Bado nini?" Senge akauliza. "Unangoja mwezi uandame?"

"Nangoja dada. Tutanyolewa pamoja."

"Na asipokuja?"

"Atakuja."

"Na akichelewa? Utaingia ofisi ya watu na kichwa kama kichaka? Watakufukuza, waweke mbuzi hapo kichwani akule."

Watu walicheka, hata Mama, kicheko cha kwanza pengine tangu msiba uingie. Derrick naye alitabasamu akiangalia chini. Lakini hakukaribia kigoda. Picha ikatikisika, ikamulika anga, ikakatika.

Ijumaa Nakhungu alimwomba Gachanja ruhusa, na kabla ya kuondoka aliacha maelekezo kwenye kaunta kwamba yeyote mwenye diski ya video iliyokataa airudishe Jumatatu, itazamwe upya. Gachanja aliyasoma, akaitikia kwa kichwa. Jioni Nakhungu aliketi mbele ya kioo chumbani kwake akaanza kuzifumua nywele zake, zile rasta nyembamba alizosukwa wiki mbili tu kabla. Hazikuwa kazi ya haraka. Alizifumua moja moja, akizilaza magotini, na mkono ulipochoka aliupumzisha kisha akaendelea.

Kesho yake Naitiri ilimpokea kwa jua na harufu ya saruji mbichi. Mafundi walikuwa wameshalainisha upande mmoja wa kaburi, na mbali kidogo, kwa kuwa ulikuwa mwaka wa tohara, njuga za vijana zilisikika zikipita kutoka boma hadi boma kualika jamaa. Mama alimkumbatia, akamshika kichwa, akagundua nywele zimefumuliwa, akamtazama usoni kwa muda kisha akaenda jikoni kwa haraka ya mtu anayekimbiza machozi yake faraghani.

Derrick alitokea nyuma ya ghala akisukuma toroli la mchanga. Alikuwa amevaa kofia ya sufu katika joto lile. Alipomwona dada yake aliliacha toroli, akaivua kofia polepole, na nywele zikasimama zote, ndefu, zilizosokotana, zisizo na heshima, nywele ambazo karani wa ghala hangeweza kuzifafanua kwa tajiri yeyote.

"Sasa," akasema.

"Poa," Nakhungu akajibu. Hayo ndiyo yaliyopatikana.

Senge Phelista hakuwa na subira na watu wanaotazamana. Aliagiza maji, akaagiza vigoda viwili, akatangaza kwamba mikono yake imezeeka ikingoja vichwa hivi na leo hangekubali kisingizio. Alipouliza nani anaanza, Derrick alirudi nyuma hatua moja. Nakhungu akakaa. Maji yalikuwa baridi. Yalimshuka shingoni hadi mgongoni. Wembe ulianza nyuma ya sikio kwa sauti ndogo ya kukwaruza, na shungi la kwanza likaanguka miguuni pake, jepesi ajabu kwa kitu alichokibeba muda wote huo.

Derrick alichuchumaa kando akimshikia Senge beseni. Uso wake ulikuwa karibu. Nakhungu aliutazama mpaka akaona kwamba asipolisema sasa, nywele zikiwa bado zinaanguka, hatalisema tena.

"Derrick. Ile siku."

"Mm."

"Haikuwa network."

Maji yalitulia katika beseni. Senge aliendelea kunyoa kana kwamba hakusikia, na huenda hakusikia. Kutoka kaburini ilikuja sauti ya mwiko ukilainisha saruji, ukienda, ukirudi.

"Najua," Derrick akasema. Alilisogeza beseni karibu zaidi, akaweka kiganja chake kisogoni mwa dada yake na kukikandamiza chini kidogo. "Inama, wembe usikukate."